Besi za Bartholomeo

Ilula, Iringa
9 Februari 1976

Bwana Masunga Ngolo,
Kiongozi wa bendi ya Radi ya Usangu,
Mwanjelwa, Mbeya.

Bwana,

Hatujapata kuonana na sina hamu ya kuonana nawe. Mimi ni Bartholomeo Mgongolwa, mwalimu wa kwaya ya usharika wetu hapa Ilula, yule uliyemwimba kwenye santuri yenu mpya. Sikuulizi kama ni mimi. Umetaja jina, mahali na kazi. Umebakiza namba ya kiatu tu.

Nimepata habari hizi nikiwa kando ya barabara kuu, nauza nyanya zangu. Lori likasimama, utingo akashuka, akamsikia jirani yangu akiniita kwa jina. Akauliza kama ndiye Bartholomeo wa kwaya. Jirani, kwa ujinga wake, akasema ndiye. Utingo akacheka mpaka akashikilia bodi la lori, kisha akaniimbia mbele ya kina mama wote wenye matenga:

Bartholomeo wa Ilula, fundi wa kwaya,
besi zako zimekwenda wapi?
Zimesikia gitaa, zikahama.

Sasa nimejua kwamba santuri hiyo inapigwa kwenye hoteli za madereva kuanzia Ipogolo mpaka kwenu. Wanawake wa sokoni wanaijua. Wazee wa usharika wanaijua, na Jumapili ijayo wameniita niwaeleze kwa nini jina la mwalimu wa kwaya linaimbwa vilabuni.

Nasikia kelele hizo mmeziita muziki, na santuri mmeiita Mvua ya Mawe. Jina mmelipatia. Mvua ya mawe haioteshi kitu, inapasua majani ya watu na kwenda zake. Sijaisikiliza wala sitaisikiliza. Nataka wimbo huo uondolewe kabla hamjachapa nakala nyingine, na nataka uniombe radhi kwenye gazeti, kwa jina lako, kama ulivyotumia langu.

Bartholomeo Mgongolwa

*

Mwanjelwa, Mbeya
20 Februari 1976

Mpinzani wangu Mwalimu Bartholomeo,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikawasomea wenzangu. Isakwisa, mpiga drams wetu, Mnyakyusa asiyecheka ovyo, alicheka. Alisema mtu anayeandika hivi akipewa maikrofoni tumekwisha.

Mwalimu, umesahau nani alianza? Mwaka juzi tulipiga dansi Ipogolo. Wiki mbili baadaye tukasoma kwenye gazeti barua ya B. Mgongolwa wa Ilula. Uliandika kwamba gitaa langu linalia kama bati la choo linalong'olewa na upepo, na kwamba mimi naimba kama mtu anayemfukuza fisi zizini. Ile barua niliikata nikaibandika ukutani. Hakuna mtu aliyewahi kunitukana kwa ustadi namna ile. Nikasema, huyu amenichokoza, huyu anastahili wimbo.

Labda kwenu haiko hivi, kwa hiyo nikueleze. Sisi Wasukuma tulioshuka Usangu na ng'ombe wetu tulishuka na ngoma zetu pia. Kuna Bagika na kuna Bagalu. Baada ya mavuno pande mbili zinacheza siku moja, uwanja mmoja, huku na huku, na watu wanakwenda kwa anayewavuta. Baba yangu, mzee Ngolo, alikuwa mtunzi wa Bagika. Mtunzi wa Bagalu alimwimba kwamba ana miguu ya korongo na sauti ya chura. Baba alifurahi siku nzima, akakaa mwezi mzima akitunga jibu. Mtu asiyefaa haimbwi. Ukitajwa kwa jina mbele ya watu, maana yake mwenzako amekuona.

Sisi tumekaa miaka sita bila santuri. Tulipigia harusi, tulipigia wachumaji wa chai Mufindi, tulipigia wajenzi wa reli. Spika letu lilipasuka Nyololo lilipoanguka toka kwenye gari. Tulipoliwasha likanguruma kama ng'ombe dume aliyefungiwa, na tangu siku hiyo hatukulishona. Tulipofika Nairobi kurekodi, fundi wa studio alitaka kulibadilisha. Tulikataa mpaka akatuacha. Ndivyo ilivyopatikana Mvua ya Mawe, na katika nyimbo zake zote, wako ndio watu wanaurudia.

Radhi siombi. Nasubiri jibu. Tunga, Mwalimu. Uniimbe mimi, umwimbe na mama yangu ukipenda. Kuniandikia barua ni kunipunja.

Masunga Ngolo

*

Ilula
3 Machi 1976

Bwana Masunga,

Niliandika gazetini kama mhakiki. Msomi hutoa hoja, na mwenye hoja ya kujibu hujibu kwa hoja. Mimi sikukualika kwenye ngoma. Sisi hapa hatuna Bagika wala Bagalu. Jina la mtu hapa ni la baba yake na babu yake, na anayelipeleka vilabuni amewapeleka wote.

Wazee wamekwisha kaa. Nimepumzishwa ualimu wa kwaya. Hilo ndilo neno walilotumia, kana kwamba nilikuwa mgonjwa. Mzee Ambrosi, niliyemfundisha kusoma nota kwa mikono yangu miwili, ndiye aliyetamka. Alisema kwaya haiwezi kusimama mbele ya madhabahu huku watu wakisubiri kucheka. Miaka kumi na saba nimeijenga kwaya ile. Umeibomoa kwa mistari mitatu, na unaniambia umeniheshimu.

Kuhusu besi zangu na kule zilikokwenda, sikuelezi. Hustahili kujua.

Nimempelekea afisa utamaduni malalamiko rasmi. Nimeomba wimbo huo ufutwe. Ulitaka jibu langu, basi jibu langu ni hilo.

B. Mgongolwa

*

Mbeya
21 Machi 1976

Kaka yangu mpendwa Bartholomeo,

Shikamoo. Sisi wazima, ila mikono yangu inauma kwa kazi ya wodini.

Kaka, nimepata barua yako na nimechukia pamoja nawe, maana wewe ni kaka yangu na Mzee Ambrosi hana aibu. Lakini baada ya kuchukia nilivaa viatu nikaenda Mwanjelwa kumtafuta huyo Masunga. Nilikwenda kumtukana. Nilimkuta mtu mrefu, mwembamba, anapuliza jiko la mkaa, mkewe Nyamizi amelala na homa. Nilipomwambia mimi ni Tekla, dada yake Bartholomeo wa Ilula, alinipa kiti akaniuliza jibu lako limefikia wapi. Kaka, hakuwa anadhihaki. Anangoja wimbo wako kama mtu anayengoja basi.

Nikamuuliza kwa nini aliimba kuhusu besi. Akasema alipita Ilula mwaka jana, akasikia kwaya yako kupitia dirishani, akaona safu ya nyuma haina mtu, wanaimba wanawake na matena wawili tu, wale wa sauti ya tatu. Alidhani wanaume wamekukimbia kwa ukali wako. Akaona hapo ndipo pa kukuchoma. Nilitaka kumwambia. Nilitaka kumwambia juu ya malori, na juu ya Timotheo. Nikanyamaza, kwa sababu hiyo habari ni yako kuisema.

Kwa nini hujamwambia? Miaka miwili sasa humwambii mtu. Unaandika magazetini juu ya mbolea, juu ya tahajia, juu ya sketi fupi, na juu ya hilo huandiki.

Jingine. Kwa dereva wa basi nimekutumia santuri hiyo. Usiivunje, nimenunua kwa mshahara wangu. Unailalamikia bila kuisikia. Wewe ulinifundisha kwamba mtu anayehakiki kitabu ambacho hajakisoma ni mwongo mwenye miwani.

Tekla

*

Mwanjelwa, Mbeya
2 Mei 1976

Bwana,

Walikuja watu wawili kutoka huko kwenu Iringa na barua yenye mhuri. Wamebeba santuri zetu zote, maboksi yaliyokuwa chumbani kwangu na yale ya dukani sokoni. Hata ile moja iliyokuwa kwenye gramafoni wameitoa ikiwa inazunguka. Tumekatazwa kupiga nyimbo zile hadharani. Isakwisa amerudi Tukuyu kulima viazi. Andendekisye, mpiga gitaa la besi, ameniambia atatafuta kazi reli. Bendi nimebaki mimi na spika bovu.

Kwa ajili ya santuri hii niliuza ng'ombe wa baba yangu. Mzee hakunikataza. Alisema yeye nyimbo zake zilikufa kila zilipoisha kuchezwa, angependa kuona wimbo unaokaa. Sasa umekaa, ndani ya stoo ya serikali huko Iringa.

Nilikwambia kwetu ikoje. Sasa nikwambie lililobaki. Mtunzi akizidiwa huenda nyumbani akatunga tena. Hata akishindwa miaka kumi ni mtunzi. Lakini akienda kuita askari wapasue ngoma ya mwenzake, huyo haimbwi tena. Bagika hawamwimbi, Bagalu hawamwimbi, na akifa hakuna anayetaja jina lake katika wimbo wa msiba. Ndiyo maana barua hii haina jina lako juu. Usiniandikie.

Masunga Ngolo

*

Ilula
15 Mei 1976

Dada yangu Tekla,

Pole na kazi. Nimerudishwa kwenye kwaya. Mzee Ambrosi alikuja mwenyewe jioni, akanipa mkono, akasema mambo yamekwisha, wimbo umezimwa, twende mbele. Tena anataka kwaya iimbe siku ya Sabasaba mbele ya wageni. Nimepata nilichoomba, na tangu hapo usingizi sipati. Nitakueleza kwa nini.

Nilikwenda kwa afisa utamaduni kuchukua nakala ya uamuzi. Nilitaka kuona kwa macho yangu imeandikwa kwamba Bartholomeo Mgongolwa alidhalilishwa. Nilisoma mpaka mwisho, nikageuza karatasi nyuma nikidhani kuna upande mwingine. Jina langu halimo. Wimbo wangu haumo. Santuri imezuiwa yote, mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu, nanukuu, "magitaa ya aina hii ni kelele za kigeni zisizolingana na sauti ya Mtanzania."

Nikamuuliza, ndugu afisa, malalamiko yangu yako wapi? Akasema yalisaidia kufungua jalada. Nikamuuliza kama ameisikiliza santuri. Akatabasamu, akaniambia, "Mzee wangu, moshi hauhitaji kuonjwa."

Tekla, mimi nilipeleka kesi ya tusi. Tusi ni jambo la watu wawili wanaojuana lugha. Huyu bwana ameligeuza kuwa kesi ya nani ni Mtanzania na nani siye. Mtoto wa mchunga ng'ombe wa Usangu, mpiga drams wa Rungwe, wameambiwa sauti yao si ya hapa, na aliyeambiwa afurahie ni mimi. Kinanda cha kanisani kwetu kilitoka wapi? Nota ninazofundisha zilitoka wapi? Kesho akiamka vibaya atasema sauti nne nazo ni za kigeni, na barua atakayotumia kama ufunguo itakuwa ya mjinga mwingine kama mimi.

Nikaenda misheni ya Wakatoliki, nikaazima gramafoni, nikafunga mlango. Nimeisikiliza ile uliyonitumia. Gitaa lake linakwaruza kama jembe kwenye changarawe na lile spika linastahili kuchomwa moto. Niliichukia. Niliirudia, nikaichukia tena, na mara ya tatu nikajikuta nimeshika penseli naandika nota. Yule mtu anajua kungoja, Tekla. Anauliza, "besi zako zimekwenda wapi," halafu ananyamaza, gitaa linanguruma peke yake muda mrefu, hata unatamani kumjibu mwenyewe. Mimi nilimjibu. Nilisema kwa sauti chumbani: walipakiwa kwenye malori.

Nimelisema mara moja, sasa nitaliandika. Wanaume tisa wa sauti ya nne, yaani besi zangu, walikuwa na mashamba ng'ambo ya korongo. Operesheni ya serikali ya kuhamishia watu vijijini ilipofika, waliambiwa wahame siku hiyo hiyo kwenda kijiji kipya, mbali na kanisa letu, mvua inanyesha, nyumba zikiezuliwa nyuma yao. Wengi walifika wakajenga upya. Timotheo alifika tayari ana homa, akalala chini ya turubai, akapata kichomi, akafa kabla ya kuezeka. Sauti ile sitaisikia tena mpaka nife. Sikuandika gazetini kwa sababu niliogopa. Watu wote waliogopa, na mimi mwenye kalamu niliogopa zaidi.

Mwambie Masunga habari ya Timotheo. Mimi amenikataza nisimwandikie.

Kaka yako,
Bartholomeo

*

Mwanjelwa
6 Juni 1976

Mwalimu Bartholomeo,

Nimeandika jina lako, na mkono ulikuwa mzito.

Dada yako alikuja. Aliniambia habari za malori na za marehemu Timotheo. Wale niliodhani wamekukimbia walibebwa, na mimi nikawafanya kichekesho cha mautingo. Ningejua, mstari ule ningemwimbia aliyeleta malori, na unajua nani.

Bado nina hasira nawe. Ulikuwa na jibu kubwa kuliko wimbo wangu, ukalificha, ukaenda kumkabidhi ngoma yangu mtu asiyejua kucheza. Ungeniambia tangu Februari ningekuja Ilula kwa miguu.

Mstari ule nimeufuta. Hata wakiturudishia santuri, sitauimba tena mahali popote. Pole kwa msiba.

Masunga Ngolo

*

Ilula
10 Julai 1976

Masunga,

Usifute kitu. Kama ulikwisha futa, andika upya, maana nimeutumia.

Nikusimulie Sabasaba, kwa mpangilio, usije ukasikia kwa madereva wakakuharibia.

Mwezi wote wa sita nilifanya mazoezi mahali pawili. Hapa nyumbani nilikuwa na wanawake na wale matena wawili, mbele ya macho ya Mzee Ambrosi, nyimbo za kusifu mavuno, na akiondoka, wako. Jumamosi nilikuwa navuka korongo kwenda kijiji kipya, nafundisha besi zangu. Wanane waliobaki. Sikuwaficha ni wimbo gani. Niliwaambia anayeogopa asije, sitamlaumu, mimi mwenyewe nimeogopa miaka miwili. Walikuja wote, wameleta na kijana wa Timotheo, ambaye ana sauti ya baba yake ila bado hajui aiweke wapi.

Siku yenyewe kila kijiji kilikaa na bango lake. Afisa wako alikuwa jukwaani mstari wa mbele, kofia magotini. Kwaya yangu ikaimba ya mavuno, akapiga makofi. Halafu nikainua mkono, tukaanza wako. Kwa sauti tatu, taratibu, bila gitaa, bila hata kinanda. Sauti ya kwanza wakatamka jina langu, sauti ya pili wakalirudia, na mimi nimewasimamia nikitukanwa mbele ya wilaya nzima kwa mkono wangu mwenyewe. Watu walioujua wimbo walianza kucheka. Afisa hakuujua. Alitikisa kichwa akifuata mapigo. Sikiliza vizuri, Masunga: mtu aliyeizuia santuri yako aliufurahia wimbo wako, akapiga makofi katikati.

Tukafika kwenye swali. Besi zako zimekwenda wapi? Nikanyamazisha. Pale wewe unapoweka gitaa, mimi niliweka kimya, na nilikishikilia mpaka kicheko kikaisha chenyewe. Wakaanza kuangaliana. Ndipo upande wa pili wa uwanja, chini ya bango la kijiji kipya, wanaume wanane wakasimama na yule kijana, wakajibu kwa sauti ya nne:

Tulipakiwa kwenye lori,
mvua inanyesha.
Timotheo hakushuka mzima.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja kando ya jukwaa alianza kulia kwa sauti, kisha wengine kule na kule, maana karibu kila bango lina Timotheo wake. Wimbo tuliuimba mpaka mwisho.

Kesho yake niliitwa. Afisa aliniambia nimeimba wimbo uliopigwa marufuku. Nilikuwa na ile karatasi yake mfukoni, nikamsomea. Nikamwambia umekataza magitaa, ndugu, jana uliona gitaa? Akasema maneno yale ni ya uchochezi. Nikamwambia maneno yale yalinitukana mimi, nikayaleta kwako unilinde, ukaniambia moshi hauhitaji kuonjwa. Kisha akaniuliza wimbo wenyewe nimeujulia wapi. Nikamwambia, kwenye stoo yako; santuri ya Tekla sikuitaja.

Hawajanifunga. Wameniandikia onyo, na Mzee Ambrosi amenipumzisha tena, safari hii bila kuniangalia usoni. Wanaume wa kijiji kipya waliitwa wakahojiwa mmoja mmoja, na bado sijui litakaloamuliwa juu yao. Hilo linaninyima raha, hilo peke yake. Nawe santuri zako hujarudishiwa. Lakini karani wa pale, ambaye dada yake ni sauti ya pili kwangu, amesema maboksi yamefunguliwa. Kila mkubwa amebeba santuri moja nyumbani, kwa uchunguzi, na aliyebeba juzi, jana alirudi kuchukua nyingine kwa sababu shemeji yake ameing'ang'ania ile ya kwanza. Kwa mwendo huo stoo itakuwa tupu kabla hawajaamua. Hawakulipi, wezi hao, lakini wanakusikiliza.

Usidhani nimekusamehe. Ulichungulia dirishani mwangu ukanicheka bila kuuliza, na mimi nilikuitia askari bila kusikiliza, na hayo hayafutani, kila moja liko pale lilipo. Spika lako bado nalichukia.

Ila tulishindana, na mimi najua nani alivuta uwanja. Mwite Isakwisa arudi kutoka kwenye viazi. Tunga mwingine, unitaje kwa jina, na safari hii chonga vizuri, maana huu wa kwanza sasa ni wangu.

Bartholomeo Mgongolwa
Mwalimu wa kwaya, apende asipende Ambrosi